Skrini Iliyofunikwa Kitambaa

Tarehe 31 Machi Bi. Hisae Kuwabara anastaafu, baada ya miaka arobaini na moja ya kusahihisha karatasi za maelezo ya dawa katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Toyama. Ni zile karatasi nyembamba zinazokunjwa mara nane ndani ya boksi, ambazo wengi wenu huzitupa bila kuzisoma. Yeye amezisoma zote, na hajawasamehe.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, akaketishwa meza moja na msahihishaji mwenzake, Bwana Tatsuo Nezu. Enzi hizo usahihishaji ulikuwa kazi ya watu wawili. Nezu alisoma kwa sauti nakala ya asili, kila nukta na kila mkato, naye Kuwabara akafuata kwenye nakala ya kuchapwa kwa penseli nyekundu. Walikaa hivyo miaka ishirini na minne, na kila siku waligombania dirisha: mmoja alitaka lifunguliwe, mwingine lifungwe.

Kisha koo la Bwana Nezu likaugua. Upasuaji ulimwokoa, lakini sauti haikurudi. Kazi ilikuwa imeshahamia kwenye kompyuta, basi badala ya mwenzi mpya, ofisi ilimletea Bi. Kuwabara skrini ya pili, ikawekwa palepale alipokuwa akiketi Nezu. Aliifunika kwa kitambaa cha zambarau, akaweka chenza mbele yake, kama tuwawekeavyo marehemu wetu nyumbani. Hakuna aliyethubutu kucheka, ila mkuu wa kitengo, aliyemuuliza kama alete na ubani. Bi. Kuwabara hakumsemesha mkuu huyo siku mbili.

Wiki tatu alifanya kazi kwa skrini moja. Alifungua nakala ya asili, akakariri mstari, akaifunga, akafungua ya pili na kulinganisha na alichobeba kichwani. Ndipo ikaja dawa ya kikohozi ya watoto. Jedwali la dozi lilikuwa limeteleza mstari mmoja: tarakimu zote sahihi, lakini kila moja imekaa kwenye umri usio wake. Mtoto mchanga alipangiwa dozi ya mtoto wa miaka mitatu. Bi. Kuwabara alizihakiki tarakimu, akaona zimetimia, akagonga muhuri wake.

Mtambo ulikuwa umeshaanza kuchapa wakati Bwana Nezu alipokuja kuchukua vitu vyake kwenye droo. Alipoliona lile chenza alisimama kidogo. Kisha akaondoa kitambaa, akaiwasha skrini, akaweka nakala ya asili kushoto na ya kuchapwa kulia, apate tu kumwonyesha mwenzake inavyotumika. Zilipokaa sambamba, kosa lilijionyesha lenyewe. Nezu aligonga meza kwa kidole, mara moja.

Bi. Kuwabara alikimbia na ndara za ofisini hadi kwenye mtambo, akausimamisha. Hakuna hata karatasi moja iliyotoka getini. Aliporudi alikuta kijikaratasi juu ya kibodi: "Hisae, mimi sijafa. Tumia skrini. Chenza nimelichukua." Alilia mbele yetu sote, na sisi tukajifanya tuna kazi nyingi.

Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya skrini moja. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania kila meza ipate ya pili, na leo tunamaliza kwa saa tatu kazi iliyokuwa ikila siku nzima, bila kukariri kitu. Lakini bado husoma kwa sauti: ya kushoto kwa sauti nzito ya Nezu, ya kulia kwa yake. Wageni hudhani kuna watu wawili wanaozozana.

Meza yake nairithi mimi, na nakiri naiogopa. Jana nilimkuta akizifuta skrini zote mbili. Ya Nezu aliifuta mara mbili.

Kila Alhamisi huenda kwa Bwana Nezu kumsomea gazeti, nukta na mkato, naye Nezu hufuata kwa penseli nyekundu kwenye nakala yake. Kuanzia Aprili atakwenda kila siku.

Bi. Kuwabara, ahsante kwa watoto wasiojua jina lako. Tunakuombea siku njema na ndefu, na hilo dirisha mkalimalize wenyewe huko.