Kilichomponya Koo Marehemu Kitonga Mwololo

Kitonga Mwololo alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Mbooni, kifungua mimba wa Mzee Mwololo na Mama Mukai. Alisoma hadi darasa la saba. Walimu walimkumbuka kama mtoto aliyewasahihisha mara nyingi, na mara chache akapatia.

Mwaka 1975 alifika Kitengela, akachonga mawe machimboni karibu miaka thelathini, akivuta sigara kana kwamba vumbi halikumtosha. Tarehe 4 Desemba 1976 alimwoa Kamene, ambaye alimvumilia.

Mwaka 1996 daktari mjini Kajiado alimwandikia asprini moja kila siku kwa ajili ya moyo. Septemba 1997 sauti ilimkauka. Ilikuwa saratani ya koo. Kwa wiki saba alipigwa mionzi Nairobi, na machimboni akaacha habari kwamba yuko Kajiado akimchongea shemeji mawe. Aliona aibu kuugua ugonjwa wa kumezeshwa uji.

Aliporudi, rafiki yake Parmuat aliitazama shingo yake, iliyokuwa imebabuka kwa mionzi. "Hii jua ya Kajiado, mbona imechagua shingo peke yake?"

"Koo ilikuwa inauma tu," Kitonga alijibu. "Asprini imemaliza."

Kamene alimsihi aseme ukweli. Alicheka. Mtaa mzima ukaanza kumeza asprini kwa ushauri wa mtu ambaye hakuwa ameshauri lolote.

Novemba 2004 nduguye mdogo, Hiram, aliota uvimbe shingoni, akajinunulia asprini. Hapo Kitonga hakucheka tena. Alimuuliza daktari wake wa Nairobi kama asprini huponya saratani, akajibiwa: "Labda inasaidia kidogo, bado inachunguzwa. Lakini uvimbe wako ulichomwa na mionzi."

Januari 2005 moyo ulimlaza kitandani. Alimwita Hiram, akamwambia, "Nilidanganya. Mimi nilichomwa mionzi. Enda hospitali."

"Brathe, hiyo ni homa inaongea."

Kamene aliweka kikombe chini. "Shemeji, huyu amekudanganya miaka saba, ukamwamini. Leo amesema ukweli mara moja, ndiyo umejua ni mgonjwa?"

Hiram alisema ana haraka.

Kitonga alifariki tarehe 10 Februari 2005, kwa moyo. Koo lilikuwa safi. Karatasi ya daktari ya ile mionzi anayo Kamene, na yeyote anaweza kuisoma. Hiram bado hajapata nafasi. Marehemu aliagiza haya yasomwe kwa sauti, wote wakiwepo, hata aliyeketi mstari wa mbele amejifunga skafu kwenye joto hili.

Ameacha mjane, Kamene, watoto, Celine na Kyule, wajukuu watatu, na nduguye Hiram, ambaye jina lake limo katika orodha ya waliobaki, na familia ingependa libaki humo. Kliniki ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kamene atampitia.

Mungu amlaze Kitonga kwa amani, na kwa sasa amlaze peke yake.