Wasifu wa Mama Cherehani, Binti wa Mfua Nguo

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani na wateja wake wote: marehemu aliagiza kwamba habari za maisha yake zisomwe na mkwe wake, mke wa mwanawe wa kwanza. "Wanangu watalia tu," alisema. "Huyu ana mdomo, atamaliza." Basi mkwe huyo ndiye anayesoma, na akishindwa mtamvumilia.

Mama alizaliwa tarehe 9 Mei 1937, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali ya misheni. Baba yake, mpasua mbao kiwandani, alifariki kabla ya kumwona. Mama yake aliwafulia nguo Wazungu wa kiwanda hicho, hasa wale wa nyumba kubwa, wenye kiwanda wenyewe. Mtoto alikulia kati ya beseni na kamba za kuanikia, akajua kukunja shuka kabla ya kujua kusoma.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akafaulu vizuri. Alitaka uuguzi. Aliambiwa nafasi zimejaa, akapelekwa chumba cha shuka za hospitali, azitie viraka. Hakununa, au tuseme alinuna kimyakimya. Cherehani aliyoikuta mle ndani ndiyo iliyomfundisha kazi, ikamlisha maisha yake yote na kumpa jina mnalomjua. Wengi wenu hapa mliolewa mkiwa mmevaa kazi ya mikono yake, na mnakumbuka alivyowagomba mkinenepa kabla ya harusi.

Kanisa la misheni lilikuwa na Mungu mmoja na milango miwili. Wenye kiwanda waliingia kwa mbele, wakakaa kwenye viti vyenye mito. Wafanyakazi waliingia ubavuni, wakabanana kwenye mabenchi ya nyuma pamoja na kwaya yao. Mpiga kinanda alikuwa kijana wa nyumba kubwa, mrefu, mpole, ila akishika kinanda utadhani anafukuzwa. Alhamisi moja mazoezini, Mama aliacha kuimba akamwambia mbele za watu, "Kaka, unakimbilia wapi? Bwana Yesu hajaondoka!" Kijana alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaanza upya, polepole. Tangu siku hiyo hakukosa mazoezi hata mara moja.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mjomba wake Mama alimuuliza, "Umekosa wa kwenu?" Kule nyumba kubwa hawakuuliza kitu, wakidhani ni utoto, utapita. Lakini wawili hao walikwenda kwa mchungaji wakaomba watangazwe.

Ndoa pale ilitangazwa Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza, tarehe 4 Juni 1961, mchungaji aliuliza kama yupo mwenye pingamizi. Mama wa kijana akasimama.

"Ninalo."

Akaulizwa sababu.

"Mama yake ndiye anayenifulia nguo."

Basi, akaketi. Rangi hakuitaja, wala hakuhitaji kuitaja, kila mtu alisikia yote mawili. Sheria ya kanisa haikuitambua sababu ile, na mchungaji alilijua hilo fika, lakini paa lililokuwa juu ya kichwa chake lilitoka kiwandani. Akafunga kitabu, akasema tuimbe. Kijana hakupiga. Alifunika kinanda, akashuka, akapita viti vyenye mito, akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa, kando ya mfua nguo. Kwaya iliimba bila kinanda, na Mama aliimba.

Kesho yake mfua nguo alichukua sabuni yake, akaenda kufua kulekule. "Mama, usiende, nakuomba," binti yake alimsihi. "Mwanangu," akajibiwa, "jioni tutakula pingamizi?" Mama alitusimulia kwamba kanisani hakutoa chozi, ila Jumatatu ile alilia na kumgomba Mungu kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Walihama. Walifunga ndoa tarehe 14 Oktoba 1961, katika kanisa dogo la mji wa mbali. Upande wa bwana harusi hapakuwa na mtu. Mfua nguo alipoona hivyo, alinyanyuka upande wa binti yake, akavuka, akaketi ng'ambo. "Siwezi kumwacha mkwe wangu peke yake," alisema.

Mume alitengeneza samani, mke alishona, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Vumbi la mbao liliingia kwenye magauni ya watu kila siku. "Baba watoto, vumbi lako!" "Mama watoto, baraka hiyo." Walijaliwa watoto watatu. Kila mwaka Baba alikwenda kumwamkia mama yake, peke yake, kwa kuwa lango la nyumba kubwa lilimfungukia yeye tu. Mama alimpigia pasi shati la safari, na hakumwambia asiende hata mara moja. Alisema mzazi ni mzazi.

Baba alifariki hospitalini tarehe 22 Februari 1989. Mama alikuja nyumbani kumpigia pasi suti ya mazishi. Aliporudi nayo, alikuta ndugu wa mume wamekwisha kuuchukua mwili. Akawafuata. Makaburi yao yana ukuta na lango, na mlinzi alikuwa ameambiwa familia tu. Mjane alisimama nje na watoto wake watatu, suti mkononi, akasikiliza mumewe akizikwa. Ee Mungu! Mkwe anayesoma haya hajawahi kuona suti ile ikivaliwa na mtu, wala ikitolewa kabatini.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda, cherehani akawaachia wanafunzi wake. Wiki mbili kabla ya kufariki alikuja mgeni, bibi Mzungu mwenye mkongojo: dada mdogo wa Baba. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Wifi," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo, tangu harusi hadi siku ile.

"Wifi, mimi ndiye niliyebaki. Lango liko wazi. Nafasi yako iko kando ya kaka."

Mama alimshika mkono. "Kusamehe nimesamehe, wifi, zamani sana. Mama yako nilimwombea mpaka alipokufa. Lakini nilizuiwa langoni nikiwa na miguu yangu. Sitaingia nikiwa nimebebwa. Nilazeni kwa mama yangu."

"Na kaka je? Humtaki?"

"Namtaka! Mpaka leo nalala upande mmoja wa kitanda. Ila kaka yako alishuka mwenyewe akaja kukaa na mama yangu. Siku ya parapanda atajua pa kunitafuta."

Bibi yule alilia, na sisi sote tukalia. Binti wa mwisho wa Mama alimpigia magoti abadili neno, maana tulitamani wazazi walale pamoja, na bado inatuuma. Hakubadili.

Mama alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, akiwa na miaka themanini na sita, mikononi mwa wanawe.

Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu tisa, kitukuu mmoja na mafundi wengi aliowafundisha kushona. Ameacha pia wifi mmoja. Yuko hapa pamoja nasi, na ameomba mwenyewe atajwe kwa neno hilo.

Bwana aliyempa uvumilivu ampe sasa usingizi mtulivu, hapa kwa mama yake.