Kapteni Abrahman Simai Jecha, Rubani wa Kuondoka Taratibu

Ndugu na jamaa mliokuja kutufariji, baada ya hitima hii familia imeniomba mimi, Wanu, mdogo wake marehemu, niwasomee machache kuhusu maisha yake. Nitajitahidi nisilie. Nikishindwa, mtanisubiri.

Kapteni Abrahman alizaliwa Kajengwa, Makunduchi, tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Simai Jecha na Bi Saadiya Ame. Mama yetu yupo nasi, amekaa pale mbele. Anasema hata kuzaliwa hakuwa na haraka, na mkunga alikwenda nyumbani kwake akala na akarudi.

Alianza skuli Makunduchi, kisha akahamia mjini kwa mjomba wetu, Mzee Mbarouk, aliyekuwa na nyumba Kiponda. Kila akirudi likizo alinipakia nyuma ya baiskeli. Wenzake walikanyaga mpaka minyororo ikakatika. Yeye alikanyaga kwa kiasi, na mwisho wa safari ndiye aliyekuwa na baiskeli nzima. Hadi leo nikiona baiskeli ya zamani naukumbuka mgongo wake, na shati la skuli lililofubaa kwa jua.

Mwaka 1983 aliajiriwa uwanja wa ndege kama fundi. Mwaka 1989 alirudi kutoka masomoni Addis Ababa akiwa rubani, akarusha ndege ndogo za Unguja na Pemba kwa miaka mingi. Mwaka 2004 kampuni moja ya Dar es Salaam ilimchukua kurusha jeti za kukodi, zile wanazopanda wafanyabiashara wakubwa. Huko ndiko alikopata jina la rubani wa kuondoka taratibu.

Wengi mlimtania kwamba anaogopa kukanyaga mafuta. Hakuwa akiogopa. Kabla ya kuruka alipiga hesabu ya urefu wa njia ya kurukia, uzito wa ndege, joto na upepo. Akiona nafasi inatosha na kubaki, hakuzipa injini nguvu zake zote. Alitoa zinazohitajika tu, na zilizobaki zikawa mkononi mwake, tayari kama lolote likitokea. Injini hazikuchoka mapema, na ndege iliondoka bila kupiga makelele. Lakini siku ya mvua, maji yakiwa yametuama njiani, alisukuma mpaka mwisho, wala hakubishana na mtu.

Mama aliziogopa ndege maisha yake yote. Mwaka 2009 ilibidi apelekwe Dar es Salaam kutibiwa macho, na jeti aliyokuwa akiirusha kaka ilikuwa inarudi huko tupu, akamwombea nafasi. Mama alifumba macho, akavuta uradi wake. Baada ya muda akaita, "Abrahman, tushaondoka au bado?"

"Naam, mama. Chini hapo bahari."

"We! Basi kama ndo hivi, ntapanda tena."

Kaka aliisimulia hadithi hiyo kila Idi, na kila mara mama alijifanya amekasirika.

Alimuoa Bi Shadya Hasan wa Malindi tarehe 6 Julai 1991. Jioni wakitoka kwenda Forodhani, Bi Shadya aliwahi kufika, akaagiza mishkaki na akaimaliza, mume bado yuko Shangani anasalimiana na watu. Wifi yangu alilalamika miaka thelathini na nne. Juzi aliniambia angempa Mungu chochote amsubiri tena pale mara moja.

Walijaaliwa watoto wawili. Ayoub anafundisha Tunguu. Sumaiya alimfuata baba yake angani, akawa rubani katika kampuni ileile. Mwanzoni alipenda kusukuma nguvu zote, na baba yake akimwambia, "Mwanangu, kuwa nazo si lazima uzimalize." Waligombana hapo kwenye meza ya chakula mpaka wali ukapoa.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kusumbua, na daktari akamzuia kurusha. Hilo lilimuuma, nisiwafiche. Akabaki na ombi moja tu, Sumaiya amrushe siku moja, yeye akae nyuma kama abiria. Kila walipopanga, ama safari ilifutwa au yeye alizidiwa. Mwezi wa sita mwaka huu wa 2025 alikwenda Dar es Salaam kulazwa, kwa boti. Sumaiya, ambaye sasa ni kapteni, alimwahidi, "Kurudi nakurudisha mimi."

Alifariki Jumatano, tarehe 20 Agosti, baada ya sala ya alfajiri. Kampuni ilitoa ndege, tunaishukuru sana. Sumaiya alikuja uwanjani amevaa sare, akapanda, akafika mlango wa chumba cha rubani, akasimama. Baba yake alikuwa amemfunza kwamba mwenye msiba hashiki usukani. Lakini alikuwa pia na ahadi yake ya kumrudisha.

"Kapteni Hamad," alimwambia mwenzake, "shika wewe. Mie siwezi."

Hamad alifunzwa kazi na kaka. Alipiga hesabu zote, kisha akamgeukia. "Hii safari yako, Sumaiya. Nambie wewe, tunaondokaje?"

Alizitazama zile hesabu kwa makini, akafuta macho.

"Punguza," alisema. "Njia ndefu, na mzigo wetu mwepesi."

Akaja kukaa nyuma na mimi, ameweka kiganja juu ya jeneza. Tulimzika Alkhamisi hapa kwetu Makunduchi.

Ameacha mama mzazi, mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi dada yake.

Jeneza lilipoingizwa nyumbani, mama aliuliza jambo moja tu. "Mjukuu wangu, kaja taratibu?"

"Taratibu, bibi," alisema Sumaiya. "Hata wewe ungeuliza kama tushaondoka."

Ewe Mola, mpokee mja wako kwa upole uleule, na umpe mapumziko yenye amani. Amin.