Ruta ya Mama Jovitha

Kijiwe cha kahawa cha Mtaa wa Sikukuu kiko nje, kando ya ngazi za ghorofa, benchi limeegemea ukuta wenye mita za umeme za wapangaji wote, na chini ya kila mita suichi yake kubwa. Jumamosi hiyo Pantaleo alikaa ukingoni mwa benchi jasho likimtiririka, na wala si joto. Mkewe Candida, Mama Jovitha, huko ghorofa ya pili, anajua mumewe yuko dukani kwake mtaa wa Gerezani anauza spea. Kumbe mwanaume kafunga duka tangu saa nane, kisa kasikia fundi wa intaneti anakuja kushughulikia ruta. Wivu huu jamani! Na mwezi jana tu Candida kamwambia mbele ya shemeji zake: ukinichunguza tena, nafungasha.

— Dakika ishirini na tano, — akasema Pantaleo. — Ruta yenyewe haizidi sahani ya chapati. Anafanya nini humo ndani?

— Anaapdeti, — akajibu Beno, muuza chaja, ambaye kijiwe kinamwita Injinia. — Ile programu ya ndani ya ruta imezeeka, anaweka mpya. Si ulisema mtandao unakatakata?

— Kuweka programu ndiyo ajimwagie manukato? Kapita hapa ngazi nzima inanukia!

Bakili, anayeitwa Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi wala kukanyaga mahakamani, akashusha kikombe.

— Nina jamaa yangu Temeke. Fundi kaja kuapdeti Jumatatu. Jumatano kaja tena, eti taa inawaka nyekundu. Ijumaa jamaa anarudi, anamkuta fundi anakula wali.

— Wali gani?

— Wa nazi, kaka. Na samaki wa soko la Feri.

Pantaleo alimeza mate. Candida wali wa nazi anaupika akiwa na furaha tu, na yeye hajauonja tangu mwezi jana. Roho ilimuuma kweli.

— Hiyo ndogo, — Injinia akadakia. — Apdeti za siku hizi zina jicho, mwanangu. Ikishaingia tu, fundi anaiona sebule yako kwenye simu. Ukitoka anajua, ukirudi anajua.

— Hadi ukikoroma anajua! — Wakili akapigilia. — Akitaka, anakukatia mtandao katikati ya mpira, wewe unafoka, mama anakasirika, nani anapigiwa simu? Yeye!

— Sasa nifanyeje? Nikipanda, nimejichoma.

— Upande ili iweje? Fundi bila umeme ana kazi gani? — Wakili akaelekeza kidevu ukutani.

Pantaleo hata hakufikiri. Aliinuka kama anayejinyoosha mgongo, akashusha suichi ya nyumbani kwake, akakaa. Lo, raha aliyoisikia! Atashuka sasa hivi, mshenzi yule.

Na kweli akashuka. Heriel, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, begi begani, mpole kabisa.

— Habari zenu wakubwa. Naomba kahawa, nasubiria hapa hapa.

— Vipi, imekushinda? — Pantaleo akauliza kwa sauti tamu.

— Hapana, kaka. Nimeshaianzisha, inajimalizia yenyewe kama robo saa. Nimeona si adabu kukaa ndani na mke wa mtu, mumewe yuko kazini. Mimi mwenyewe nisingependa.

Pantaleo akaitupia jicho suichi.

— Muhimu isiguswe, — Heriel akaendelea, akipuliza kikombe. — Taa ikiwa bado inapepesa, umeme ukikatika, ruta inaweza kufa moja kwa moja, na nyingine mpaka wiki ijayo. Na yule mama saa kumi anaingia laivu kuuza madera, kawatangazia wateja wake wiki nzima. Nikamuuliza, watoto hawatachomoa? Akasema hapa nyumbani hakuna wa kumharibia.

Injinia akaanza kuhesabu chaja zake. Wakili akasogea mwisho wa benchi, mbali na suichi.

Juu dirisha likafunguliwa.

— Fundi! Umeme umekatika kwangu tu, majirani wote wanao! Hebu niangalizie suichi hapo…

Candida akainama achungulie mita. Macho yakatua kwenye benchi, yakakaa hapo.

— Baba Jovitha? Wewe si uko Gerezani?