Mwalimu Sellah Nabwire, Mama wa Mtoto Aliyekua Nje ya Mfuko wa Uzazi

Marehemu Mwalimu Sellah Nabwire Wandera alizaliwa tarehe 14 Agosti 1972 karibu na Funyula, Busia, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Wandera na marehemu Mama Sabina. Alizaliwa nyumbani, mchana, bila shida yoyote. Tunalitaja hilo kwa sababu wapo waliosema wiki hii kwamba matatizo ya uzazi yamo katika ukoo wetu. Hayamo. Mliokuja na habari hiyo, tafadhali mrudi nayo mlikoitoa.

Alisoma shule ya msingi na ya upili huko huko Busia, akamaliza kidato cha nne mwaka 1990. Akiwa darasa la sita alifukuzwa akamlete mzazi, kosa lake likiwa kumwambia mwalimu wa sayansi kwamba jibu lililoandikwa ubaoni halikuwa sahihi. Baba alikwenda, akalitazama jibu, akakuta kweli si sahihi. Sellah aliadhibiwa hata hivyo, eti alisema kwa sauti kubwa. Alijiunga na chuo cha ualimu Eldoret na kuhitimu mwaka 1994.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kupelekwa Lokichar, Turkana, akahamia Lodwar mwaka 1999, kisha Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, mwaka 2006, alikofundisha darasa la tatu hadi mwisho. Darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja, Waturkana, Wasudani, Wasomali na Wakongo, wamebanana hadi kwenye madirisha. Kila asubuhi aliwasalimu kwa Kiturkana, "Ejok!" halafu akataka kila mtoto aitikie kwa lugha ya mama yake. Siku ya kwanza kelele zilizotoka humo zilimleta mwalimu mkuu mbio, akiuliza kama kuna moto. Sellah alimjibu kwamba hakuna moto, kuna salamu.

Ndoa yake na Bwana Kipkemboi, afisa wa mifugo kutoka Iten, ilipangiwa Jumamosi tarehe 8 Desemba 2001, kanisani hapa Lodwar. Bibi harusi alikuwa anatoka kwao Busia kuagwa. Basi likaharibika Kalemng'orok, likalala huko, naye akaingia Lodwar Jumapili, vumbi hadi kwenye nyusi, gauni likiwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuta wageni wameshakula pilau yote. "Mmeanza bila mimi," aliwaambia, "basi rudini kanisani mmalize na mimi." Wakarudi. Picha za siku hiyo zipo nyumbani, na hakuna hata moja ambamo bibi harusi anatabasamu, ila katika zote amemshika mumewe mkono.

Miaka ikapita bila mtoto. Hatutayarudia maneno waliyoyasikia. Itoshe kusema kwamba Bwana Kipkemboi alishauriwa aongeze mke, na baadhi ya washauri wamekaa hapa viti vya mbele. Aliwajibu kwamba huyu mmoja bado hajamaliza kumwelewa.

Mwezi wa Oktoba 2012 Sellah alishikwa na maumivu makali ya tumbo akiwa darasani, akaanguka. Alipelekwa kwenye kliniki moja ya mtu binafsi, akaambiwa ni taifodi, akapewa dawa. Maumivu yalipungua lakini hayakuondoka. Novemba ikajulikana kwamba ana mimba, na furaha tuliyokuwa nayo ndiyo iliyotuziba masikio. Mwaka mpya ulipoanza alirudi kliniki ile ile akaeleza kwamba mtoto akigeuka yeye anaumia hadi anashikilia dawati. Wakampiga picha ya tumbo. Wakamwambia mtoto yupo, moyo unapiga, aende nyumbani.

Baada ya hapo kila mtu akawa daktari. Wa kwanza alisema ni amiba. Wa pili akasema ni vidonda vya tumbo, wa tatu akasema ni jini, na wengi tu walisema mimba ya kwanza katika umri wa miaka arobaini lazima ikusumbue. Dada yake, anayewasomea wasifu huu, alimwambia kwa simu apunguze chumvi. Sellah alimjibu, "Dada, huyu mtoto simsikii mahali watoto wanapokaa. Namsikia hapa juu juu, kama amelala chini ya ngozi." Tulicheka. Siku ya uchaguzi wa Machi alipiga kura amekunja mgongo, na watu waliompisha kwenye foleni walimsifu kwa uzalendo.

Jumatano tarehe 17 Aprili 2013, muuguzi wa wajawazito hapo Kakuma alimpapasa, akampapasa tena. Kisha akasema, "Mwalimu, unaenda Lodwar leo. Si kesho." Gari lilipatikana, na mwalimu mwenzake, Zéphyrin, mkimbizi kutoka Kongo, akajitolea kumsindikiza kwa sababu Bwana Kipkemboi alikuwa Nariokotome akichanja mbuzi.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Njiani wakakuta lagga, mto wa msimu, imejaa, magari yamepanga mstari pande zote mbili, na wanaume wamesimama ukingoni wakitupa mawe majini kupima kina. Mmoja alisema maji yatapungua jioni. Mwingine akabisha. Wakaanza kukumbushana mafuriko ya miaka iliyopita. Sellah akafungua mlango wa gari, akatoka ameshika tumbo.

"Ninyi mnajadili maji," aliwaambia, "na mimi nina mtu humu ndani!"

Dereva wa lori la mizigo, kijana anayeitwa Khadar, alizima sigara yake. "Mama, panda hapa," alisema. "Lori hii iko juu. Mungu akipenda tunapita." Zéphyrin alimwinua hadi kwenye kiti cha mbele, na lori likaingia majini huku wale waliosema haiwezekani wakipiga makofi. Khadar, kama umefika leo, familia inakuomba usimame tukuone.

Lodwar alipokewa na Dakta Billow, daktari wa upasuaji. Alimpima yeye mwenyewe, akarudia kipimo, kisha akavuta kiti akakaa karibu na kitanda. Bwana Kipkemboi alikuwa amefika, buti zake bado zina tope la huko alikotoka.

"Mwalimu," daktari alisema, "mtoto wako yuko hai. Lakini hayuko ndani ya mfuko wa uzazi. Yuko tumboni, katikati ya utumbo."

"Nimewaambia watu hawa tangu Oktoba," Sellah alijibu.

Daktari alieleza kwamba mimba ilishika kwenye mrija, mrija ukapasuka, na badala ya kufa, mtoto akaendelea kukua nje. Ile taifodi ya Oktoba ilikuwa mrija unapasuka. Alisema jambo hili ni nadra sana, yeye alikuwa amelisoma chuoni tu. Alisema hatari kubwa ni kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, kwa kuwa limejishika kwenye utumbo: likibanduliwa mama anaweza kutoka damu isiyozuilika, na likiachwa linaweza kuleta madhara baadaye. Ndege ya kumpeleka Eldoret isingepatikana mapema, na moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kuchoka.

Bwana Kipkemboi akasema, "Daktari, mwokoe mama."

Sellah akamgeukia. "Bwana Mifugo, hujaulizwa wewe." Halafu akamwambia daktari, "Fungua. Tuokoe sote wawili. Ukishindwa, usishindwe kwa kungoja."

Damu ya kundi lake ilikuwa haba. Zéphyrin alikunja mkono wa shati na kusema, "Munikamate mimi kwanza, damu yangu iko." Ilifaa. Wakatoa walimu, wakatoa madereva, akatoa hata mhubiri aliyepita kuombea wagonjwa.

Alhamisi tarehe 18 Aprili alifanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike alitolewa hai, mdogo, mguu wa kushoto umepinda kidogo kwa kukosa nafasi, na akalia mara moja kwa hasira. Waliokuwa nje walimsikia, na dada wa marehemu, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo, alijua papo hapo ni mtoto wa nani. Kondo la nyuma daktari aliliacha mahali lilipo. Jioni Sellah aliamka, akadai mtoto wake, akamchunguza kuanzia utosini hadi kwenye ule mguu. Alimwita Ayaan, jina la muuguzi aliyempokea mtoto chumba cha upasuaji. Mama mkwe alipopiga simu kudai jina la ukoo, Sellah alisema, "Ongezeni Chepkirui, lakini mlitamke la kwanza kwanza." Ijumaa na Jumamosi alimnyonyesha. Alisema maumivu yale ya miezi yote yameondoka, na kwamba alikuwa amesahau jinsi mtu anavyokaa bila kuumwa.

Jumapili alianza kutoka damu kwa ndani. Alirudishwa chumba cha upasuaji. Dakta Billow na wenzake walipambana hadi damu yote iliyochangwa ikaisha, na asubuhi ya Jumatatu, tarehe 22 Aprili 2013, Mwalimu Sellah akafariki. Daktari alitoka akakaa chini sakafuni kando ya Bwana Kipkemboi.

Kwa hiyo tunaomba mtusikilize. Hakurogwa. Hakufa kwa sababu ya umri, wala kwa ubishi wake. Alikufa kwa damu iliyovuja kutoka kwenye kondo lililojishika mahali pasipo pake, na kwa miezi sita ambayo alisema anaumwa akaambiwa haumwi. Tangu jana kila mgeni anatuambia ni mapenzi ya Mungu. Huenda. Lakini kabla hatujamtwika Mungu mzigo huu, kila mmoja wetu abebe kipande chake. Na ukirudi nyumbani leo ukamkuta mwanamke anayesema mimba yake haiko sawa, usimpe ushauri. Mtafutie gari.

Marehemu ameacha mume, Bwana Kipkemboi, binti, Ayaan Chepkirui, ambaye bado yuko hospitalini, ananyonya vizuri kwa chupa, na daktari anasema mguu utanyooka; pia dada yake, Taaka, mama mkwe, mashemeji, na watoto wa darasa la tatu ambao wamesimama pale nyuma tangu asubuhi bila mtu kuwapa kivuli. Wasogezeni mbele.

Mungu amjalie Sellah pumziko ambalo sisi, kwa kelele zetu, hatukumpa.