Mzee Térence na Kilima Kisichotosha Kuitwa Mlima

Baada ya miaka kumi na minne ya kusimamia kamba ya mashine inayowapandisha kilimani watelezaji wa theluji, Mzee Térence Habonimana anastaafu tarehe 31 Machi 2012.

Kwa wasiotufahamu, kilima chetu cha Hagsätra, huku Uswidi, ni udongo uliochimbwa walipojenga maghorofa, ukarundikwa, ukaota nyasi. Tuna mteremko mmoja, kamba moja, na mashine ya kutengeneza theluji ambayo baridi ikizidi nayo huugua. Ukiteleza, unafika chini kabla hujamaliza kuogopa.

Mwaka 2009 bodi ya klabu ilitangaza kwamba msimu ule ukipita bila wateja, tunafunga. Sisi wanachama tulinung'unika tukinywa kahawa ya bure. Mzee, mwenye miaka sitini na mbili na asiye na matumaini ya kuajiriwa kwingine, alizunguka makanisani, toka kitongoji cha Rissne hadi cha Jordbro, akialika watu. Jumapili moja wakaja Warundi, Wanyarwanda na Waganda, na chapati zao.

Wa kwanza kushika kamba alikuwa Mama Vénantie. Kibanda cha Mzee kilikuwa katikati ya mteremko. Alipokifikia akamwona mtu mzima, na mtu mzima hasalimiwi kwa mkono mmoja. Akaachia kamba, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akakunja magoti kidogo. Akarudi chini kinyumenyume na kuwazoa wote waliomfuata, akiwemo mwandishi wa mistari hii, ambaye naye alikuwa ameshaachia kamba ili asalimie. Chini ya rundo la watu Mama Vénantie akasikika: "Bwana asifiwe, Mzee!" Mzee akajibu "Amina" kwanza, ndipo akazima mashine ya kamba.

Bodi nzima ilikuwa inatazama. Tuliona aibu mpaka masikio yakapata joto.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeshauri kibanda na swichi yake vihamishiwe juu, mtu amsalimie akishaachia kamba kihalali. Tulikibeba jioni ileile. Jumapili iliyofuata watu walifurika, wengi, tunakiri, wakitarajia kutuona tukianguka. Siku hizi hata watoto wa Kiswidi humsalimia kwa mikono miwili. Bodi haikuzungumzia tena kufunga.

Mzee, pengo lako halizibiki, na hatuoni haya kusema tunakupenda. Wewe na mkeo, Mama Darlène, Mungu awape uzee mtamu. Kilima chetu ni kifupi, hilo halifichiki. Lakini kesho saa nne asubuhi kinafunguliwa.