Hesabu Mia Tatu Sabini na Mbili za Bwana Mkia

Siku ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Mkia atakabidhi funguo za stoo ya mitego na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kituo chetu cha utafiti wa panya na wanyama wadogo wa porini. Miezi minne ya kwanza alikuwa anajifunza kazi. Iliyobaki yote amehesabu panya, kila mwezi, bila kuruka hata mmoja: mara mia tatu sabini na mbili. Ndani ya hesabu hizo mke wake amejifungua watoto wanne, na wote wanne baba yao alifika hospitali akitokea kwenye mitego, mikono ikinuka siagi ya karanga.

Wasifu huu nimeombwa mimi kwa sababu hapa kituoni, ukimtoa yeye, wa zamani ndio mimi. Nimefua mifuko ya panya na kuosha vizimba miaka ishirini na sita. Sisi vibarua hatustaafu, tunachoka tu. Anayeshika kalamu ni fundi wa maabara; maneno ni yangu, na nimemwambia asiyapake poda.

Kwa mlioalikwa ambao kazi yetu hamuijui, iko hivi. Upande mmoja wa barabara ya lami kuna ukanda wa kichaka, mashamba yakiwa nyuma yake. Upande wa pili kuna nyumba na ghala za nafaka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, jioni, tunatega mitego mia moja ya bati. Hamsini ya kwanza inakaa kichakani, hamsini ya pili kwenye nyumba, hatua kumi kati ya mtego na mtego. Jumatatu asubuhi kila panya aliyeingia anamwagwa kwenye mfuko wa kitambaa wenye namba ya mtego wake, analetwa mezani, anapimwa uzito, mkia, mguu na sikio, anavishwa kipini cha namba sikioni, kisha anarudishwa pale pale alipotoka. Si karibu na hapo. Pale pale. Dereva aliwahi kumwachia panya mtego wa tatu badala ya wa nne, eti jua kali. Bwana Mkia akamuuliza, "Wewe ukitoka kazini nikushushe kwa jirani, mkeo ataelewa?" Dereva akarudi.

Jina la Bwana Mkia alipewa na vijana wa maabara kwa vile kila kitu kwake huanza na mkia. Panya wa darini, anasema, mkia wake unaupita mwili. Wa kichakani, mkia haufikii mwili. Ukishajua hilo umeshajua nani ni mwizi wa ghala na nani anakula nyasi zake kwa amani. Chambo anakanda mwenyewe, siagi ya karanga na unga wa mahindi, na lazima akionje. Kisipomridhisha yeye, anasema, panya hatakula kwa kumwonea huruma.

Tabia hiyo haiachi nyumbani. Walipokwenda kumposea kijana wao mkubwa, wazee wamekaa, maneno mazito yanaanza, Bwana Mkia akainua uso akatazama dari, akasema, "Samahani, wakwe. Hapo juu mna panya wanane, na mmoja ana mimba." Mke wake alitamani ardhi ipasuke. Kesho yake baba wa binti alipiga simu, si kwa habari ya posa, ila kuuliza anakuja saa ngapi na mitego. Posa ilipita bila mvutano.

Lakini nisiwachekeshe mpaka mkasahau kuwa mtu huyu amepigana.

Mwaka ule kamati ya makazi ilipogawa sumu bure nyumba hadi nyumba, panya walikufa mpaka wakazolewa kwa koleo. Watu walishangilia. Yeye akatega mitego yake, akahesabu. Mwezi wa tatu tukaokota bundi wawili wamekufa chini ya tangi la maji. Nguchiro waliokuwa wakikatiza barabara kila asubuhi hawakuonekana tena. Mbwa wa mwashi jirani yetu akafa akitoa povu. Mwezi wa tano panya wa darini walikuwa mara mbili ya walivyokuwa kabla ya sumu. Akaichora hesabu yake kwenye karatasi ya kufungia mikate, mistari minene ili hata mimi niione kutoka nyuma, akaenda nayo mkutanoni.

Mwenyekiti akamwambia, "Bwana wee, kumbe umekuja kutetea panya?"

"Mwenyekiti, panya mimi nawajua kuliko unavyomjua mkeo, na siwatetei. Nakwambia umeua askari, wezi umewaacha."

Ukumbi ulicheka, na aliyecheka zaidi ni mke wa mwenyekiti. Sumu ikasimamishwa. Bwana Mkia na fundi bati wakazunguka ghala moja baada ya nyingine, wakaziinua juu ya miguu na kuvisha kila mguu kola ya bati ambayo panya hawezi kuipanda. Hadi leo mtu akinunua kola ya bati mjini humu, anaiita mkia. Nguchiro walichukua miaka miwili kurudi. Siku ya kwanza alipowaona alikuja kwenye karo nilipokuwa nafua, akanishika mabega yote mawili, akaenda zake.

Methali ile ya paka akiondoka panya hutawala haipendi hata kidogo. Anasema aliyeitunga hakuwahi kuhesabu, maana panya wa ghalani wanatawala na paka yupo, amelala juu ya gunia.

Sasa niseme la miaka tisa iliyopita, ambalo wengi hapa hamlijui.

Kamati ilikuwa inataka kufyeka kichaka. Hoja yao: panya wanaokula nafaka wanatoka kichakani. Hoja yake: miaka ishirini na mbili ya hesabu, panya wa kichakani hajavuka lami hata mmoja, wa ghala wamezaliwa humo humo kwenye ghala. Mkifyeka mtawafukuza bundi, kicheche na nguchiro, na mwizi mtabaki naye. Kamati ikasema sawa, tusubiri hesabu ya mwezi huu, kisha tuamue.

Mwezi huo, mvua inapiga, panya watatu wenye mikia mifupi walifika mezani kwenye mifuko ya upande wa nyumba. Namba sitini na moja, themanini na moja, tisini na moja. Mimi nilikuwepo nashika beseni. Nilimwona uso ukimshuka. Angeweza kuandika kuwa ni panya wa darini. Angeweza kuwaachia watatu wale na kusema walitoroka, nani angejua? Aliandika. "Kilichoonekana kinaandikwa," akasema, akawavisha vipini, akawarudisha kwenye namba walizokuja nazo, akapeleka karatasi kwa kamati kama ilivyo. Tarehe ya kufyeka ikapangwa, wiki mbili mbele.

Siku ya tatu alikuja kwenye kamba yangu ya nguo akaanza kusoma mifuko iliyoanikwa, mmoja mmoja. Akakuta mifuko miwili yenye namba sitini na moja. Kumi na tisa haukuwepo. Themanini na moja miwili, kumi na nane hakuna. Tisini na moja miwili, kumi na sita hakuna. Akaushika mmoja wa mifuko ile, akakigeuza kiraka chenye namba juu chini, chini juu. Sitini na moja ikawa kumi na tisa.

Aliyeshona viraka vile ni mimi. Vya zamani vilikuwa vimechanika, nikashona vipya usiku na mchana, na namba wakati huo nilizijua kwa sura tu kama unavyowajua watu wa mtaani. Sikujua kuwa zinaweza kusimama kwa kichwa. Na kwenye mvua ile mifuko ilichomolewa kwa mpangilio wake tu, hakuna aliyesoma namba mpaka mezani. Panya wale walikuwa wa kichakani siku zote. Aliyewavusha lami ni Bwana Mkia mwenyewe, kwenye mfuko, kwa sindano yangu.

Nilivua aproni nikamwambia naondoka kabla sijafukuzwa. Akasema, "Bibi, kaa. Panya watatu wako ugenini, wewe unataka kuniongezea wa nne?"

Akachukua likizo yake ya mwaka, siku zote alizokuwa nazo, akatega upande wa nyumba kila siku. Wawili aliwapata kwa vipini vyao, wamekonda, wamejibana nyuma ya karo la kufulia; hakuna aliyethubutu kuvuka lami kurudi kwao. Akawavusha. Wa tatu hakuonekana, na mimi paka wa mwashi namshuku mpaka kesho. Kisha akasimama mbele ya kamati akasema kosa lilifanyika mezani kwake, na meza ni yake. Mwenyekiti alimshambulia mpaka akachoka: mtu wa miaka ishirini na mbili kazini, namba hajui? Akajibu, "Ndiyo maana nimerudi kuhesabu upya." Hakusema jina langu. Hajalisema mpaka leo. Leo najitaja mwenyewe.

Kichaka hakikufyekwa. Na baada ya hapo, kila siku saa ya chai, alinisomesha namba kwenye mifuko hiyo hiyo, dakika kumi kumi, bila kunicheka. Nikikosea alikuwa anasema, "Tazama miguu yake iko wapi." Kila kiraka sasa kina mstari mwekundu chini. Mwalimu wangu wa kwanza na wa mwisho ni mpima mikia.

Haya. Mwezi uliopita ilikuja barua. Nafasi ya Bwana Mkia haitajazwa, na hesabu ya kila mwezi "itasimama kwa muda". Mimi nimezaa, nimelea, nimezika. Najua "kwa muda" maana yake nini. Na kamati inakaa tena baada ya miezi miwili, ajenda ni ile ile, kufyeka kichaka. Safari hii wakiuliza hesabu inasemaje, atasimama nani? Alipoisoma barua hakulalamika. Alikwenda stoo akaanza kupaka mitego mafuta, mmoja mmoja, kama mtu anayefunga mizigo ya mtoto anayekwenda mbali. Hapo ndipo nilipokasirika.

Tulikwenda kwa mama mkurugenzi watu watatu, dereva, fundi wa maabara na mimi. Nilimwambia, "Mwanangu, kwa heshima zote, barua hii imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuliwa nafaka." Akacheka, kisha akasema ukweli wake: mitego ipo, gari lipo, karatasi zipo, nafasi ndiyo haipo, na si yeye aliyeiondoa. Tukamwambia nafasi hatuombi. Tunaomba asubuhi za kila mwezi ambazo tayari tunazifanyia kazi hii, na saini. Alituuliza nani atapima. Fundi wa maabara atapima. Nani atatega? Dereva, na tayari ameshaapa kuhusu mtego wa nne. Nani atasoma namba? Nikamsomea mia moja zote pale pale ofisini kwake, kuanzia mwisho kuja mwanzo, mpaka akasema basi, bibi, inatosha. Alisaini miezi sita. Miezi sita ikiisha tutarudi, na yeye anajua tutarudi.

Kwa hiyo, Bwana Mkia, sikiliza vizuri kwa sababu hili halirudiwi. Kituo kinakushukuru kwa bundi walio hai na kwa ghala zilizosimama. Tunakushukuru pia kwa kutufundisha kwamba asiyehesabu hubaki kubishana. Mkeo, wifi yangu mvumilivu, tunamrudishia mumewe akiwa na viungo vyote, harufu ataitoa mwenyewe. Mungu akupe miaka mingi yenye afya, wajukuu watundu na usingizi wa kutosha.

Jumatatu ya kwanza usije. Nimemwambia mlinzi, nimemwambia dereva, na mkeo ameahidi kuficha viatu vyako. Jumapili jioni tunatega wenyewe, na hesabu ya mia tatu sabini na tatu utaletewa nyumbani, kwa mwandiko wangu, ikiwa na kilichoonekana tu.